Kadi ya bima unayo, lakini je, jino litalipiwa?

Dawa ya jino ni kung'oa. Msemo huu tumekulia nao hapa Pwani, na wazee wetu wengi waliufuata mpaka wakabaki kutafuna kwa ufizi. Siku hizi daktari atakwambia jino bovu laweza kuokolewa: mzizi husafishwa, jino likazibwa, kisha likavishwa kofia, nawe ukalitumia miaka mingi inshallah. Swali linalobaki ni nani atalipa.

Mwaka jana, baada ya Idi, gego langu la chini lilinikesha siku tatu. Nilikuwa na kadi ya bima ya kazini, basi nikaingia kliniki moja mjini bila ya wasiwasi wowote. Daktari akalipiga jino picha, akasema mzizi umefanya usaha lakini jino laokoleka. Kikao cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha. Siku ya kuvishwa kofia, binti wa mapokezi akanirudishia kadi yangu: "Baba, bima yako hailipi kofia. Na pesa ya meno ya mwaka huu pia imekwisha."

Nikarudi nyumbani na jino lililozibwa kwa muda, nikawa natafuta pesa. Karo za watoto zikatangulia, kodi ya nyumba ikafuata. Mwezi wa nne jino likapasuka nikitafuna kashata, likapasuka mpaka chini. Likang'olewa. Jino lililosafishwa mzizi huwa jepesi kuvunjika, hasa gego, na ndiyo maana huvishwa kofia mapema. Wazee wakashinda, msemo wao ukatimia.

Sikumlaumu binti yule wala daktari. Mkataba wa bima nilikuwa nao kwenye droo tangu siku ya kwanza, sikuufungua. Nimeusoma baadaye, na nimeisoma ya jamaa zangu pia. Haya ndiyo niliyojifunza.

Mfuko ndani ya mfuko

Kadi ni moja, lakini ndani yake mna mifuko kadhaa. Upo mfuko wa kulazwa hospitali, na huu ndio mkubwa. Upo wa matibabu ya kwenda na kurudi. Halafu upo mfuko mdogo wa meno na mwengine wa macho. Katika mikataba mingi, hii miwili ya mwisho haiji yenyewe: hununuliwa kwa nyongeza, au mwajiri aamue kuiweka. Kwa hivyo mtu anaweza kusema kweli kwamba ana bima ya mamilioni, na kwenye meno akawa ana elfu chache tu, au hana kitu.

Mfuko huo mdogo umetengenezwa kwa kazi ndogo ndogo: kumuona daktari, picha, kung'oa, kuziba, na pengine kusafisha mzizi. Kazi kubwa mara nyingi huandikwa kwenye orodha ya vitu visivyolipiwa. Humo utakuta kofia, daraja, meno ya bandia, meno ya kupandikiza, waya za kunyoosha meno na kung'arisha meno. Orodha hiyo huwa kurasa za mwisho, kwa herufi ndogo. Anza kusoma hapo.

Ajali ni habari nyengine. Ukianguka na bodaboda meno yakavunjika, mikataba mingi hulipa matibabu hayo kutoka mfuko mkubwa wa kulazwa. Lakini watataka ushahidi, na watataka utibiwe mapema. Ukikaa miezi kisha ukaja na hadithi ya ajali, utapata tabu kuaminiwa.

Muda wa kusubiri

Anayejinunulia bima mwenyewe hukuta muda wa kusubiri. Unalipa leo, lakini huduma fulani zinafunguka baada ya miezi kadhaa. Na tatizo ulilokuwa nalo kabla ya kujiunga huwa na masharti yake. Mtu akipatwa na jino usiku, asubuhi akenda kwa wakala kununua bima, amechelewa. Bima za kazini mara nyingi huwa nafuu katika jambo hili kwa sababu watu wameingia kwa kundi.

Tufanye hesabu

Nachukua mfano tu, maana bei hutofautiana baina ya kliniki na kliniki. Tuseme kikomo chako cha meno ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Picha ni 1,500, kusafisha mzizi 12,000, kofia 25,000. Jumla ni 38,500.

Kama mkataba hauruhusu kofia, bima italipa 13,500, na wewe 25,000. Kama unaruhusu, bima italipa 20,000 yake yote, nawe utatoa 18,500. Yaani hata ukiwa na bahati, karibu nusu ya gharama ni yako. Na kama mfuko huo wa meno ni wa familia nzima, hapo watoto hawajaguswa bado.

Kabla ya kukaa kwenye kile kiti

Kwanza, muombe daktari akuandikie mpango wa matibabu, kila hatua na bei yake. Ni haki yako. Usikubali ya "tuanze, tutaona mbele."

Pili, peleka mpango huo kwa kampuni ya bima, au kliniki iupeleke, na usubiri idhini kwa maandishi. Jibu la simu halitoshi. Na soma idhini yenyewe: imetaja mzizi na kofia, au mzizi peke yake?

Tatu, uliza kikomo kimebaki kiasi gani leo, na mwaka wa bima unaisha lini. Pesa ya meno usiyoitumia kwa kawaida haivuki mwaka. Mwaka mpya huanza na kikomo kipya. Ikiwa mkataba wako unaisha Disemba na kofia zinaruhusiwa, muulize daktari kama mzizi unaweza kufanywa mwisho wa mwaka huu na kofia mwanzo wa ujao. Yeye ndiye wa kusema kama jino litastahamili. Usaha na uvimbe havisubiri kalenda. Hivyo hutibiwa mara moja.

Nne, hakikisha kliniki imo kwenye orodha ya bima yako, na kwamba daktari ana leseni ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Majina ya wenye leseni yako kwenye tovuti ya baraza hilo.

Tano, ukiona sehemu yako ya malipo hukuimudu, sema kabla ya kuanza. Kliniki nyingi hukubali kulipwa kidogo kidogo. Na idara ya meno ya hospitali kuu ya Makadara iko pale pale. Uliza bei yake kabla hujakata tamaa. Mimi nilianza kazi nisiyoweza kuimaliza, na jino ndilo lililolipa.

Ukikataliwa malipo unayoamini ni haki yako, iandikie kampuni kwanza na udai sababu kwa maandishi. Wasipokuridhisha, mamlaka ya kusimamia bima, IRA, hupokea malalamiko ya wananchi. Na usichanganye bima ya kibinafsi na SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ile asilimia 2.75 inayokatwa kwenye mshahara ni ya SHA, na haiongezi hata shilingi kwenye mfuko wa meno wa kadi yako ya kibinafsi.

Njia ya mkato

Hapa nitasema wazi, maana twajuana. Wapo wanaomwambia daktari, "Andika umeng'oa mawili na kuziba matatu, halafu nivishe kofia." Wapo wanaompa binamu kadi akatibiwe kwa jina lao. Tunaita ujanja. Lakini hiyo ni hati ya uongo, na kampuni ikigundua yaweza kuifuta bima yako pamoja na ya watoto wako. Juu ya hayo, pesa ile ni ya watu wote waliochangia. Mwenye kufunga na kuswali hahitaji kukumbushwa amana ni nini.

Na kwa wale ambao nafsi zao hazijatulia na bima ya kawaida, takaful ipo nchini. Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011. Huko wanachama huchangia mfuko wa pamoja wa kusaidiana, na kampuni huusimamia. Muulizeni sheikh mnayemuamini kuhusu hukumu yake. Lakini jina la takaful halifuti vikomo. Popote utakapojiunga, uliza maswali yale yale: meno yamo? Kikomo ni kipi? Kofia inalipiwa? Nasubiri miezi mingapi?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye meno maneno haya ni ya kweli tupu. Kuziba tundu dogo ndiyo kazi ambayo ule mfuko mdogo wa bima hulipa bila ya kelele. Kwa hivyo tumia kikomo chako mapema, jino likiwa halijauma, na wapeleke watoto wakaangaliwe kabla mwaka wa bima haujaisha.

Leo usiku, watoto wakishalala, fungua droo uutoe mkataba wako. Anza na kurasa za mwisho.