Baiki ya Mtumba: Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Doh

Wasee wa Ronga mnajua hii stori. Mvua ikinyesha kidogo makanga anapandisha fare, jam inaanza mapema, na unafika jobo bosi ashakasirika. Nilichoka, nikabuy baiki ya mtumba, 9,500. Nilipenda rangi. Hiyo ndio ilikuwa kosa ya kwanza.

Anza na saizi. Simama ukiwa umepanua miguu juu ya fremu, nyayo zote chini. Kati yako na chuma kuwe na nafasi ya vidole viwili ama vitatu. Ikikugusa achana nayo, hata muuzaji akiapa na mamake. Halafu kaa kwa siti, weka kisigino kwa pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ukinyooka, siti iko sawa. Wengi mtaani wanaendesha siti ikiwa chini kama ya mtoi, halafu wanalia magoti.

Sasa breki, na hapa niskize poa juu ndio nilipoteza ngozi ya kiwiko. Baiki za Uingereza na Japani, mkono wa kulia ndio breki ya mbele, kama tu ya nduthi. Za Uholanzi na Ujerumani mara nyingi ni kinyume, kushoto ndio mbele. Hakuna mtu aliniambia, na kwa barabara tambarare sikushtuka.

Wikendi moja tukaamua na maboyz twende Magadi. Ukitoka Kiserian unapanda hadi Corner Baridi, kisha ni mteremko kuingia bondeni. Nairobi iko juu ya mita 1,600, Magadi iko kama 600, so fanya hesabu mwenyewe. Mbuzi akaruka barabarani. Nikafinya kushoto peke yake nikidhani ni ya nyuma. Gurudumu ya mbele ikashika, mimi nikaenda kama posta. Mbuzi hata hakugeuka.

Fundi alibadilisha waya zikakaa upande nimezoea, dakika kumi tu. Kwa hivyo kabla ulipe, inua baiki, zungusha gurudumu, finya mkono mmoja mmoja uone ni gani inasimama. Cheki pia raba za breki, zile mistari zikishaisha, badilisha. Na kwa mteremko mrefu usishikilie breki mwanzo mwisho. Finya zote mbili, achilia, finya tena.

Tairi nayo, kwa ukuta wake imeandikwa presha. Isome, usibonyeze na kidole ukisema iko fiti. Kama unapenda safari za mbali chukua tubu za valvu nono kama ya gari, juu hizo unaweza jaza petrol station yoyote. Zile nyembamba za baiki za mbio zitakuacha ukiomba pampu kwa watu wa ng'ombe. Huko Magadi miiba ya migunga imejaa kando ya lami, so beba tubu mbili, viraka na pampu yako.

Cheni ndio inakula doh ukilala. Usipake oil chafu ya gari, inashika vumbi inakuwa msasa. Panguza na kitambaa kwanza, weka tone moja kwa kila kiungo, kisha panguza ya nje. Chukua rula: kutoka pini moja, hesabu hadi ya 24 mbele yake. Cheni mpya inapima inchi 12 kamili. Ikizidi na milimita moja na nusu, badilisha cheni pekee. Ikifika tatu umechelewa, ishakula gia za nyuma na utanunua zote.

Karia usisumbuke kutafuta ya ng'ambo, fundi wa jua kali atakuchomea. Funga mzigo chini na nyuma, si mgongoni, jasho la Magadi si mchezo. Maji beba lita tatu ama zaidi, na ubakishe doh ya lori. Kupanda kurudi Corner Baridi, sisi wawili kati ya wanne tulirudi juu ya magunia.