Kwa Nini Nembo Huingia kwenye Video na Boksi Jeupe?

Chukulia kwamba kijana anayehariri video Kariakoo amepewa kazi ya tangazo la sekunde 30 na mwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo. Amelipwa nusu, nusu iliyobaki atapewa akimaliza. Nembo ya duka ametumiwa kwa WhatsApp. Anapoiweka juu ya video, nembo inatokea ndani ya boksi jeupe na kuziba kitenge kinachotangazwa. Mteja anakataa kazi. Je, kosa limetokea wapi?

Watahiniwa wengi hujibu kwamba programu ya kuhariri video ni mbovu. Jibu hilo halipati alama. Ili kujibu vizuri, anza na maana ya uwazi.

1. Uwazi ni nini?
Picha ya kompyuta imeundwa na nukta ndogo ziitwazo pikseli. Katika picha ya kawaida ya rangi, kila pikseli ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Picha yenye uwazi huongeza namba ya nne, iitwayo alfa. Alfa ikiwa 0, pikseli haionekani kabisa. Ikiwa 255, inaonekana kikamilifu. Namba za katikati hutumika kwenye vivuli na kingo laini za herufi.

Zingatia: uwazi si rangi nyeupe. Nyeupe ni rangi kama rangi nyingine, nayo huziba kilicho nyuma yake.

2. Programu hufanya nini?
Kwa kila pikseli, programu huchanganya picha ya mbele na ya nyuma. Alfa huandikwa kama sehemu ya 1:

Rangi mpya = (alfa × rangi ya mbele) + (1 − alfa) × rangi ya nyuma

Mfano: alfa ni 0.25, rangi ya mbele ni 200 na ya nyuma ni 100.
Rangi mpya = (0.25 × 200) + (0.75 × 100) = 50 + 75 = 125

Namba ya alfa isipokuwepo kwenye faili, programu huchukulia kuwa ni 1 kila mahali. Hapo ndipo boksi linapotokea.

3. Aina za faili
(a) JPEG: haina nafasi ya alfa. Sehemu iliyokuwa wazi hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe au nyeusi.
(b) GIF: pikseli ni wazi kabisa au si wazi kabisa, hakuna katikati. Ndiyo maana kingo zake huonekana kama meno ya msumeno.
(c) PNG: ilitolewa mwaka 1996. Inaweza kubeba alfa ya biti 8, yaani ngazi 256 za uwazi. Hii ndiyo inayofaa kwa nembo.

4. Uwazi hupotea wapi?
(i) Kutuma nembo kwa WhatsApp kama picha. Picha hubanwa na kugeuzwa JPEG. Itumwe kama dokumenti ili faili lifike lilivyo.
(ii) Kupiga picha ya skrini. Unachopata ni rangi zilizoonekana kwenye skrini, bila alfa.
(iii) Kubadilisha jina la faili kutoka .jpg kuwa .png. Umebadilisha lebo tu. Kubandika karatasi ya "sukari" kwenye gunia la chumvi hakuigeuzi chumvi kuwa sukari.
(iv) Kupakua picha yenye miraba ya kijivu na nyeupe. Katika programu za picha, miraba hiyo huashiria uwazi. Lakini ikiendelea kuonekana juu ya video, ujue imechorwa ndani ya picha yenyewe.
(v) Kuhifadhi maandishi yanayotembea kama MP4 ya kawaida ya H.264, ambayo haibebi alfa. Ukitaka mhariri mwingine ayaweke juu ya video yake, tumia MOV ya ProRes 4444.

5. Suluhisho
Kijana wetu amwombe mteja faili la asili la PNG, litumwe kama dokumenti. Aliingize kwenye programu, aliweke tabaka la juu ya video, kisha alijaribu juu ya rangi nyeusi na nyeupe kabla ya kumwonyesha mteja. Faili la asili likikosekana, itabidi akate mandharinyuma kwa mkono katika programu ya picha. Hiyo ni kukisia: kingo laini na vivuli havirudi kama vilivyokuwa. Tangazo lililokamilika anaweza kulitoa kama MP4, kwa kuwa nembo imeshachanganywa na video.

Jipime
1. Kwa nini kuigeuza JPEG kuwa PNG hakuondoi boksi jeupe?
2. Picha ina pikseli 1920 kwa 1080. Alfa ya biti 8 huongeza baiti ngapi kabla ya kubanwa?

Majibu
1. PNG ina nafasi ya alfa, lakini JPEG haikuwa na alfa ya kuipa. Nyeupe inahamishwa kama rangi.
2. 1920 × 1080 × 1 = baiti 2,073,600.