Santuri za Electro: Safari Kutoka New York Hadi Uingereza

Simulizi nyingi za jinsi hip hop ilivyoingia Uingereza huanza na Malcolm McLaren. Mwishoni mwa 1982, mtu huyo aliyekuwa meneja wa Sex Pistols alitoa "Buffalo Gals", kibao kilichotengenezwa na Trevor Horn kwa kushirikiana na watangazaji wa redio wa New York waliojiita World's Famous Supreme Team. Kilipanda hadi nafasi ya 9 kwenye chati. Video yake iliwaonyesha vijana wa Uingereza mambo ambayo wengi wao hawakuwa wameyaona: santuri ikikwaruzwa kwa mkono, ukuta ukipuliziwa rangi, na wachezaji wa Rock Steady Crew wakizunguka kwa migongo sakafuni. Video hiyo iliwasha moto, hilo halina ubishi. Lakini moto huwaka penye kuni, na kuni hizo zilikwisha kukusanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye chati yoyote: wenye maduka ya santuri za kuagiza kutoka nje, ma-DJ wa kumbi za katikati ya wiki, na vijana weusi wa Manchester, London na Nottingham waliojaa kwenye kumbi hizo.

Santuri ya kwanza ya rap kuvuma Uingereza ilikuwa imekuja mapema zaidi. Desemba 1979, "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, iliyotolewa na kampuni ndogo ya Sylvia Robinson huko Englewood, New Jersey, ilifika nafasi ya 3 Uingereza. Huko kwao Marekani haikuvuka nafasi ya 36. Hata hivyo, mafanikio hayo hayakufungua njia. Kwa karibu miaka mitatu iliyofuata marapa wa New York walichungulia tu kwenye chati ya Uingereza, mpaka "The Message" ya Grandmaster Flash and the Furious Five ilipofika nafasi ya 8 mwaka 1982.

Kwa aliyetegemea chati, basi, miaka hiyo ilikuwa kimya. Kwa aliyejua duka la kwenda, ilikuwa miaka ya neema.

Biashara ya santuri za kuagiza ilikuwa na mwendo wake. Rekodi hizi zilitolewa na kampuni ndogo za New York na jirani zake, kama Tommy Boy, Enjoy, Sugar Hill na Streetwise, kwa santuri za inchi 12 zilizotengenezwa kwa ajili ya klabu. Ili kampuni ya Uingereza iitoe rekodi hiyo nchini, ilibidi kwanza inunue haki, na mazungumzo hayo yangeweza kuchukua wiki au miezi. Rekodi nyingi hazikupata mnunuzi kabisa. Pengo hilo ndilo lililozibwa na maduka kama Groove Records ya mtaa wa Greek Street, Soho, na Spin Inn ya Manchester. Maboksi yalifika kwa ndege, nakala chache kwa kila wimbo, na bei yake ilizidi sana ile ya santuri iliyotengenezwa nchini. DJ aliyezoeana na muuzaji aliwekewa zake chini ya kaunta. Aliyechelewa alikuta boksi tupu.

Habari za nini kimefika zilisambazwa na magazeti. Katika *Record Mirror*, James Hamilton aliandika safu ya kila wiki iliyochambua santuri mpya moja baada ya nyingine na kuandika mapigo ya kila wimbo kwa dakika, ili DJ wa mji wowote ajue ipi inaunganika na ipi. *Blues & Soul* nayo ilichapisha orodha za nyimbo zilizotamba klabuni. Kwa DJ wa mji mdogo uliokuwa mbali na Soho, kurasa hizo zilimwambia aagize nini kabla hata hajakisikia.

Electro, muziki uliokuja kwenye santuri hizo, ilikuwa ya aina gani? Mfano ulio bora ni "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, iliyotolewa na Tommy Boy mwaka 1982. Mtayarishaji wake, Arthur Baker, na mpiga kinanda John Robie walichukua sauti ya "Trans-Europe Express" ya Kraftwerk, kundi la Düsseldorf, wakaipiga upya juu ya mdundo uliofuata "Numbers" ya Wajerumani haohao. Ngoma zilitoka kwenye Roland TR-808, mashine ya Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1980, ambayo besi yake haikufanana na ngoma yoyote ya ngozi. Ilivuma chini kabisa, ikasikika zaidi kifuani kuliko masikioni. Muziki wa Ujerumani na mashine ya Japani vilikutana mikononi mwa DJ wa Bronx.

Masikio ya Waingereza yalikuwa tayari kwa sauti hiyo kuliko inavyosemwa. Gary Numan aliongoza chati yao mwaka 1979 kwa sinthesaiza, Human League mwishoni mwa 1981, na Februari 1982 Kraftwerk wenyewe walishika nafasi ya kwanza kwa "The Model". Mlio wa mashine haukuwa mgeni. Kilichokuwa kigeni ni mdundo mzito ulioletwa chini yake, pamoja na wazo kwamba DJ mwenyewe ni mwanamuziki.

Pamoja na hayo, upinzani ulikuwepo, tena kutoka ndani ya nyumba. Ma-DJ wengi wa soul na jazz-funk, watu walioupenda muziki wa weusi wa Marekani kwa miaka mingi, waliona mashine hizi zinaua ufundi wa mpiga gitaa na mpiga tarumbeta. Hofu yao inaeleweka. Ila walioamua mambo walikuwa wachezaji, na wachezaji walikwisha chagua.

Hapo ndipo anapoingia Greg Wilson, na historia imemtendea haki kidogo kuliko anavyostahili. Wilson alipiga muziki siku za Jumanne huko Wigan Pier na Jumatano katika klabu ya Legend, Manchester. Legend ilijaa vijana weusi wa mji huo na miji ya jirani, watu waliosafiri katikati ya wiki ili kusikia santuri zilizotua siku chache tu zilizopita. Mwaka 1982 Wilson alianza kuwapa electro kwa wingi, na alifanya jambo ambalo ma-DJ wengi wa Uingereza hawakulifanya bado: alinyamaza. Desturi ilikuwa DJ kushika maikrofoni na kuongea kati ya nyimbo. Yeye aliunganisha wimbo na wimbo bila kukata mdundo. Michanganyiko aliyoitayarisha kwa ajili ya Piccadilly Radio ya Manchester, katika kipindi cha Mike Shaft, ilirekodiwa na wasikilizaji kwenye kaseti na kuzunguka shuleni na mitaani. Februari 1983 alikwenda kwenye kipindi cha *The Tube* cha Channel 4 na kuonyesha namna ya kuchanganya santuri moja kwa moja mbele ya kamera. Huhesabiwa kuwa DJ wa kwanza kufanya hivyo katika televisheni ya Uingereza.

Redio ya taifa ilibaki nyuma. Jijini London, aliyetaka hip hop hewani alimsubiri Mike Allen wa Capital Radio, au alitafuta redio za maharamia kama LWR, zilizorusha matangazo bila leseni huku zikihamishahamisha mitambo yake kukwepa kukamatwa. Kiss FM ilianza hivyohivyo mwaka 1985, ikaanza kutangaza kihalali mwaka 1990. Mawimbi ya redio hizi hayakufika mbali. Kaseti ndizo zilizofika mbali.

Macho nayo yalikuwa na kazi yake. Kabla ya "Buffalo Gals", mwaka 1982, Jeffrey Daniel wa kundi la Shalamar alisimama kwenye *Top of the Pops* na kucheza akivunja viungo kama roboti, kisha akateleza kinyumenyume. Siku iliyofuata watoto walijaribu kuteleza hivyo shuleni. Mwaka 1983 Rock Steady Crew walifika nafasi ya 6 na "Rockit" ya Herbie Hancock nafasi ya 8, na kufikia 1984 vijana walitandika maboksi na vipande vya linoliamu Covent Garden na kwenye viwanja vya maduka nchi nzima. Manchester ilikuwa na kundi la Broken Glass. Nottingham, ukumbi wa Rock City ukawa kituo cha wachezaji kila Jumamosi. Kila kundi lilikuwa na redio kubwa ya kubeba, na kila redio ilihitaji kaseti yenye muziki usiokatika, kwa sababu mchezaji aliyesimama kwa kichwa hawezi kungoja mtu ageuze santuri.

Aliyeielewa haja hiyo kuliko wote ni Morgan Khan. Alianzisha lebo ya Street Sounds mwaka 1982, na wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza, gumu kulitekeleza: nunua haki za nyimbo kadhaa zilizokuwa zikiuzwa moja moja kwa bei ya kuagiza, ziweke kwenye albamu moja, uza albamu hiyo kwa karibu bei ya santuri moja au mbili za duka la Soho. Mwaka 1983 alitoa *Electro 1*, yenye nyimbo za watu kama Newcleus na West Street Mob. Nyimbo hazikupangwa tu moja baada ya nyingine. Herbie Laidley wa kundi la Mastermind alizichanganya ziwe mwendo mmoja tangu mwanzo wa upande hadi mwisho.

*Electro 1* na albamu zilizoifuata ndizo kiungo muhimu kuliko vyote katika mnyororo huu, kuliko McLaren na kuliko televisheni. Ziliingia kwenye chati ya albamu, ziliuzwa katika maduka ya kawaida, na zilifika kwenye miji ambayo haikuwa na duka la kuagiza wala klabu ya Jumatano. Mtoto wa miaka 13 katika kijiji cha Yorkshire alipata, kwa fedha za mfukoni, kile ambacho mwaka mmoja nyuma kilikuwa mali ya DJ peke yake. Wengi hawakununua hata moja: nakala moja ilizaa kaseti za darasa zima. Mfululizo huo uliendelea hadi mwaka 1988, ukapita albamu 20.

Mastermind nao hawakutoka hewani. Walikuwa sauti ya mtaani ya London, kundi lenye maspika makubwa lililopiga muziki kwenye Kanivali ya Notting Hill, katika desturi iliyoletwa na wahamiaji wa Jamaika. Hip hop yenyewe ilikuwa na mzizi huohuo: DJ Kool Herc, ambaye sherehe yake ya Agosti 11, 1973 huko Bronx hutajwa kuwa chimbuko la hip hop, alizaliwa Kingston, Jamaika. Kwa hiyo kijana wa Brixton, London, au wa Moss Side, Manchester, ambaye wazazi wake walitoka Jamaika alipoisikia hip hop hakuanzia sifuri. Maspika, maikrofoni, DJ na mtu wa kuchangamsha umati: vyote alivikuta nyumbani.

Njia hii ya kupokea muziki iliacha alama. New York yenyewe ilibadilika haraka. Kundi la Run-DMC walipotoa "Sucker M.C.'s" mwaka 1983, waliondoa vinanda na kubakiza ngoma na sauti tupu, na electro ikaanza kuonekana ya zamani. Uingereza, iliyopokea vyote ndani ya albamu moja, haikuvitenga upesi hivyo. Rap, mashine, besi ya 808 na muziki usiokatika viliendelea kukaa pamoja. Muziki wa house wa Chicago ulipopita kwenye maduka yaleyale, na "Love Can't Turn Around" ya Farley Jackmaster Funk ikafika nafasi ya 10 mwaka 1986, ulikuta wachezaji ambao miguu yao ilikwisha zoea mashine.

Waingereza wenyewe walianza kutengeneza. Freeez walikwenda kwa Arthur Baker New York wakarudi na "I.O.U.", iliyofika nafasi ya 2 mwaka 1983, na mwaka huohuo New Order walirekodi "Confusion" naye. Mwaka 1984 Street Sounds ilitoa *UK Electro*, ambayo nyimbo zake nyingi zilitengenezwa na Greg Wilson na wenzake wawili, Martin Jackson na Andy Connell, chini ya majina mbalimbali. Mwaka huo pia mwandishi wa London, David Toop, alichapisha *The Rap Attack*, mojawapo ya vitabu vya kwanza duniani vya historia ya rap. Msomaji wa Uingereza akapata kitabu cha kumweleza nyimbo za kwenye kaseti yake zilitoka mitaa gani.

Julai 1986 Street Sounds iliwaleta wasanii wenyewe. Kwenye tamasha la UK Fresh '86, Wembley Arena, walipanda Bambaataa, Grandmaster Flash, Roxanne Shanté, Mantronix na wengine ambao maelfu ya waliohudhuria waliwajua kwa sauti tu, kwani majalada ya *Electro* hayakuwa na picha zao. Mwaka uliofuata, Novemba, Public Enemy walipiga Hammersmith Odeon pamoja na LL Cool J na Eric B. & Rakim. Kelele za umati huo wa London zilirekodiwa, na walipotoa *It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back* mwaka 1988, albamu ilifunguliwa kwa sauti ya mtangazaji wa Kiingereza akiwakaribisha jukwaani, huku London ikiwapigia kelele. Ndivyo ilivyouzwa pia katika maduka ya New York.