Sala za Siri Zikifika Facebook

Jaduong' (mzee, kwa Kidholuo) alikuja ofisini kwangu mjini Migori akiwa na simu ya mjukuu wake. Dhehebu lake sitalitaja. Ni mojawapo ya yale makanisa madogo ya Kiafrika yaliyotapakaa ukanda huu wa ziwa, kutoka Muhuru hadi Mbita, ya kanzu, ngoma na misalaba ya kushonwa kwa mkono. Kwenye simu palikuwa na picha kumi na nne za daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, pembe za kurasa zimekuwa kahawia kwa kushikwashikwa. Maandishi ni ya Kidholuo, wino wa buluu.

"Hizi sala husomewa mtu aliyefunga siku saba," akasema. "Sasa zinasomwa na watu wakiwa na chapati mkononi."

Aliyezipiga picha na kuziweka Facebook ni muumini aliyekosana na wenzake. Jaduong' alitaka kujua jambo moja tu: je, kopirait inaweza kuirudisha siri yao?

Nilimjibu kwamba kopirait, au hakimiliki, inaweza kuziondoa picha. Siri haiirudishi. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, hata mawakili wenzangu. Hakimiliki haikutungwa kulinda siri. Imetungwa kumlinda mtu anayetoa kazi yake hadharani asiibiwe. Tena hulinda maneno jinsi yalivyopangwa, hailindi ujumbe wake. Mtu akizisoma sala zile, akafunga daftari, akaeleza kwa maneno yake mwenyewe kinachosemwa ndani, hakimiliki haimgusi.

Waliojifunza somo hili kwa gharama kubwa kuliko wote ni kanisa la Scientology, lililoanzishwa Marekani na mtunzi wa hadithi L. Ron Hubbard. Kanisa hilo lina mafundisho ya ngazi za juu ambayo muumini huyafikia baada ya kupanda hatua nyingi na kulipa fedha nyingi. Mwaka 1993, katika kesi iliyokuwa Los Angeles, Steven Fishman, aliyewahi kuwa muumini, aliambatisha kurasa 69 za mafundisho hayo kwenye hati yake ya kiapo. Jalada la mahakama kwa kawaida liko wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Kanisa likafanya nini? Likawa linatuma waumini wake kila siku waliazime jalada lile na kukaa nalo, ili mtu mwingine akija alikute limeshachukuliwa.

Mwaka 1995 nakala zikatoka tu. Arnaldo Lerma wa Virginia akaziweka kwenye intaneti; nyumba yake ikapekuliwa na kompyuta zake zikachukuliwa. Gazeti la Washington Post nalo lilikuwa limejipatia nakala kutoka mahakamani, likachapisha maneno 46. Jaji Leonie Brinkema akaliachia gazeti, kwa kuwa kunukuu kidogo katika habari ni halali, lakini Lerma akaonekana ana hatia kwa kupakia kurasa nzima. Fidia aliyoamriwa kulipa ilikuwa dola 2,500. Kwa kesi iliyopiganwa na jeshi zima la mawakili, hizo ni nauli tu.

Uswidi mambo yakawa kichekesho. Zenon Panoussis alipeleka nakala bungeni, na kwa sheria za kule, karatasi iliyopokewa na ofisi ya umma inaweza kusomwa na raia yeyote. Waumini wakarudia mchezo wa Los Angeles: wakajipanga kuiazima siku nzima. Mahakama ikamkuta Panoussis na hatia ya kuvunja hakimiliki, lakini kufikia hapo habari ilikuwa magazetini na Waswidi ambao hawakuwahi kusikia jina la kanisa hilo walikuwa wanataka kujua kuna nini ndani.

Kuna jambo lililonasa kanisa lile ambalo nilimweleza jaduong' mara mbili. Ili ushtaki kwa hakimiliki, ni lazima useme "maandishi haya ni yangu". Ukisema hivyo, umethibitisha kwamba ni ya kweli. Kabla ya hapo, picha za daftari ni uvumi. Baada ya hapo ni waraka wenye muhuri wako.

Kesi ya kufikirisha zaidi ni ya Uholanzi. Mwandishi Karin Spaink alinukuu mafundisho yale ili kuyakosoa, naye akashtakiwa pamoja na watoa huduma ya intaneti. Hapa ndipo sheria ya kimataifa inapoingia. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, unaruhusu kunukuu, lakini kunukuu kazi ambayo tayari imetolewa hadharani kihalali. Maandishi ya siri hayajatolewa. Mahakama ya rufaa ya The Hague, mwaka 2003, ilikubali kwamba kwa hesabu hiyo haki ya kunukuu haimsaidii Spaink, kisha ikampa ushindi kwa mlango mwingine: uhuru wa kujieleza. Majaji waliona kwamba mafundisho yenyewe yalibeba mambo yanayokwenda kinyume na demokrasia, na umma una haki ya kuyajadili. Kanisa likakata rufaa, likaiondoa lenyewe mwaka 2005.

Nakubaliana na majaji wale, na sihitaji kwenda Ulaya kutafuta sababu. Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023. Hapa kwetu Opapo, karibu na Rongo, Aprili 2025 polisi waliwatoa watu 57 katika boma la kanisa. Kama kuna daftari linaloamuru watu wafe njaa au wasiende hospitali, anayelichapisha asitishwe kwa hakimiliki. Katiba yetu, Ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza. Ibara ya 40 inaitaka dola ilinde haki miliki ubunifu. Zikigongana juu ya jambo la uhai, mimi najua nitasimama wapi.

Lakini daftari la jaduong' halikuwa la aina hiyo. Lilikuwa la kuombea wajawazito, mvua na watu wanaosumbuliwa na ndoto mbaya. Halikumdhuru mtu. Basi tukaendelea.

Tangu marekebisho ya mwaka 2019, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inamruhusu mwenye kazi kumwandikia mtoa huduma ya intaneti notisi ya kuondoa kilichopakiwa, naye ana saa 48 za kazi kufunga njia. Kampuni za Marekani kama hiyo ya Facebook zina fomu zao chini ya sheria ya kwao ya mwaka 1998, na kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Berne, daftari lililoandikwa Nyatike lina ulinzi kule kama lililoandikwa Chicago. Huhitaji kulisajili popote ili liwe na hakimiliki. Lakini unatakiwa kutangaza, kwa kiapo au kwa sahihi yako, kwamba wewe ndiwe mwenyewe.

"Aliyeandika ni nani?" nikamuuliza.

"Roho."

Hakuwa anatania. Katika makanisa ya upande huu ndoto na maono ni njia ya kawaida ya kupokea sala au wimbo. Ndivyo ilivyo kwa Legio Maria, ambao mahali pao patakatifu ni Got Kwer hapa Migori, alipozikwa mwanzilishi wao Simeo Ondeto mwaka 1991. Ndivyo ilivyo pia kwa makanisa ya Roho.

Sheria ilishakutana na swali hili. Miaka ya 1920, London, Geraldine Cummins, mwanamke ambaye Waswahili wangemwita kiti, aliandika kitabu akiwa amepagawa, kwa imla ya roho ya mtu aliyekufa karne nyingi kabla. Frederick Bligh Bond, aliyekuwa akinakili na kupanga aya, alidai naye ana haki, na kwamba mwandishi halisi hayuko duniani. Jaji Eve akasema mamlaka yake hayafiki ng'ambo ya kaburi, na mwandishi ni Cummins. Marekani, mwaka 1997, katika kesi ya kitabu cha Urantia kinachosemekana kilitoka kwa viumbe wa mbinguni, mahakama ya rufaa ilikubali hakimiliki kwa sababu tu kulikuwa na binadamu waliochagua na kupanga yaliyopokewa. Malaika hawana hakimiliki.

Kwa hiyo nikauliza tena: ni mtu gani? Jaduong' akasema sala zile alizipokea mama mmoja miaka ya sabini, akawa anazitamka asubuhi, na katekista akiziandika neno kwa neno. Mama alifariki mwaka 1989. Kwa sheria yetu hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo, yaani hadi mwisho wa 2039. Lakini haikwenda kanisani. Hakimiliki huhamishwa kwa maandishi yenye sahihi, na hapakuwa na karatasi. Ilikwenda kwa warithi wake.

Jaduong' alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia yule kijana aliyepiga picha ni mjukuu wa mama huyo.

Tulicheka wote wawili, yeye kwa uchungu. Mlango wa hakimiliki ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ilibaki milango miwili. Wa kwanza ni kanuni ya zamani ya mahakama zetu kuhusu jambo la siri: mtu akiambiwa jambo kwa masharti ya kulitunza, halafu akalitoa, anaweza kuzuiwa, hata kama hati ni yake. Huo ndio mlango unaofanana na siri, na ndio ambao ningemshauri mtu aanze nao kabla picha hazijasambaa. Wa pili tuliupata kwenye ukurasa wa tisa, palipokuwa na majina ya wagonjwa walioombewa na maradhi yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Tulilalamikia ukurasa huo peke yake, ukaondolewa. Nyingine kumi na tatu bado ziko.

Kuna sheria nyingine ya mwaka 2016, ya maarifa ya jadi, ambayo haihitaji mwandishi mmoja wala haina miaka 50. Ingeweza kuwafaa wazee wa inchama, baraza la wazee la Wakuria, kuliko kanisa lililoanzishwa juzi.

Ninyi wenye madaftari kama hilo, ulizeni leo nani alipokea na nani aliandika, muwe na karatasi moja yenye sahihi inayokabidhi haki kwa wadhamini wa kanisa. Ifanyeni wakati bado mnaelewana. Na majina ya wagonjwa yaandikeni kwenye daftari lingine.