Injini Moja, Matoleo Matatu

Msomaji mwenye duka la steshenari jijini Mwanza ameniuliza swali ambalo wengi wamekuwa wakiniletea kwa sura tofauti tofauti. Ana kompyuta tatu, na kutwa nzima wateja wanampa flashi: huyu anachapisha barua ya kuomba kazi, yule anatoa nakala za vyeti, mwanafunzi wa chuo ana ripoti inayotakiwa kabla ya saa nane. Ameweka Avast ya bure, nayo kila mara inamwonesha matoleo mawili ya kulipia: Premium Security, na juu yake Ultimate, ambalo pamoja na ulinzi linaahidi kusafisha kompyuta na kuirudishia kasi. Swali lake ni fupi: “Dada, nikilipia lile la juu, virusi vitashikwa zaidi?”

Havitashikwa zaidi. Injini ni moja. Na kwa kuwa injini hiyo ni kati ya vitu vya ajabu kabisa vinavyofanya kazi ndani ya kompyuta ya kawaida bila mwenyewe kujua, nitakaa nayo kwanza. Mambo ya bei yatafuata.

Kirusi cha kompyuta ni nini na kinaingiaje, kila aliyewahi kuazimisha flashi anajua. Injini ni ile sehemu ya programu inayofungua faili, kulichunguza na kutoa hukumu: safi, au hasidi. Avast, kampuni iliyozaliwa Prague, inaweka injini ileile na orodha ileile ya alama za virusi kwa asiyelipa na kwa anayelipa. AVG, ambayo Avast iliinunua mwaka 2016, nayo inatumia injini hiyohiyo chini ya jina na rangi nyingine. Kampuni zina sababu ya kufanya hivyo. Kompyuta ya asiyelipa ikikutana na faili ambalo halijawahi kuonekana popote, taarifa zake hupelekwa kwenye seva za kampuni, na baada ya muda mfupi faili hilo huzuiwa kwa kila mteja duniani. Ukimpa asiyelipa injini dhaifu, umejinyima macho ya mamilioni ya kompyuta.

Zamani kutambua kirusi kulikuwa kazi ya kulinganisha. Mtaalamu alikichukua kirusi, akachagua kipande cha baiti kisichopatikana kwenye programu nyingine, akakiingiza kwenye orodha. Programu ya ulinzi ikapita faili baada ya faili ikikitafuta kipande hicho. Mwaka 1990 Mmarekani Mark Washburn aliuvuruga utaratibu huo kwa kirusi kilichoitwa 1260, jina lililotokana na urefu wake wa baiti 1,260. Kila kilipojinakili kilijifunga kwa ufunguo mpya, na hata kile kipande kidogo cha kujifungulia kiliandikwa upya: maagizo yalibadilishana nafasi, na katikati yakachomekwa mengine yasiyo na kazi yoyote. Ukiweka nakala mbili za kirusi kilekile ubavu kwa ubavu, huoni cha kulinganisha.

Jawabu lililopatikana linanisisimua mpaka leo. Kirusi kimejifunga, lakini ufunguo kinao chenyewe, kwani bila kujifungua hakiwezi kufanya kazi. Basi kiachwe kijifungue. Kiachwe kifanye mambo yake yote, ila kifanyie ndani ya kompyuta isiyokuwepo.

Kompyuta hiyo ya uongo naiita kiigizi. Neno kiigo nimelikataa, maana kiigo ni kitu kilichoigwa, na hiki kinaigiza, tena kinaigiza papo hapo mbele ya programu inayokiuliza maswali.

Kinakwenda hivi. Unabofya faili mara mbili. Kabla dirisha halijafunguka, injini ikilitilia shaka faili hilo inayachukua maagizo yake na kuyasoma moja baada ya jingine. Agizo likisema ongeza 5 kwenye rejista, yaani kijisanduku cha namba ndani ya prosesa, prosesa ya kweli haipewi agizo hilo. Injini ina rejista zake za bandia, ambazo ni namba tu zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu, na inaongeza 5 hapo. Programu ikiomba kufungua faili, Windows haisikii ombi hilo. Kiigizi kinajibu chenyewe kwamba limefunguka, na kutoa faili la kubuni. Programu ikiuliza saa, inatajiwa saa. Ikitaka nafasi kwenye kumbukumbu, inagawiwa nafasi isiyo na pa kwenda. Haya yote yanapita haraka kiasi kwamba aliyebofya anadhani kompyuta imesita kidogo tu. Programu ikishajifungua na kuutandaza mwili wake halisi, injini inaisimamisha na kuukagua mwili huo. Kipande kilichokuwa kimefichwa kiko wazi, na aliyekifunua ni kirusi chenyewe.

Mfikirie tajiri mwenye duka la jumla Kariakoo anayetaka kuajiri kijana. Barua za utambulisho hazimtoshi, maana mwizi naye hashindwi kupata barua. Kwa hiyo amejenga duka la pili nyuma ya lile la kweli. Lina kaunta, lina droo ya fedha, rafu zimejaa maboksi, na watu wanaingia kuuliza bei. Kijana anapelekwa humo na kuambiwa kazi imeanza. Maboksi ni matupu, noti za kwenye droo hazinunui kitu, wateja ni ndugu wa tajiri, naye mwenyewe amekaa nyuma ya pazia. Kijana akitia noti mfukoni, hasara hakuna, na jibu limepatikana. Lakini foleni ya waombaji ni ndefu, kwa hiyo kila mmoja anakaa humo dakika chache tu, na mwizi mwerevu analijua hilo. Anajiambia atulie kwa adabu mpaka jioni. Tajiri anasogeza mishale ya saa ya ukutani. Kijana akiinua macho anaona jioni imefika, anaingiza mkono kwenye droo. Ndivyo kiigizi kinavyofanya: programu ikiomba kulala dakika kumi, saa ya bandia inarushwa mbele dakika kumi papo hapo. Mwizi mwerevu zaidi haiamini saa ya ukutani. Anahesabu maboksi, moja moja, kutoka rafu ya chini mpaka ya juu na kurudi, mara elfu, kwa sababu kazi ya kuhesabu haisogezwi kwa mshale. Programu hasidi nazo hujipa mamilioni ya hesabu zisizo na maana, zikingoja kiigizi kifike mwisho wa subira yake na kuzipitisha. Na tajiri naye amejifunza kwamba kijana anayehesabu maboksi mara elfu ana lake jambo.

Wapo pia wanaolitambua duka lenyewe. Mwaka 2018, kwenye mkutano wa Black Hat jijini Las Vegas, mtafiti Alexei Bulazel alionesha yaliyomo ndani ya kiigizi cha Defender, ulinzi ambao Microsoft inauweka ndani ya Windows. Programu ikiuliza jina la kompyuta, inajibiwa HAL9TH. Ikiuliza jina la mtumiaji, inaambiwa JohnDoe. Kwenye diski ya bandia limewekwa faili la maandishi ambalo jina lake la Kiingereza lina maana ya “usiniguse”, chambo kwa kirusi chenye tabia ya kugusa kila faili kinaloliona. Napenda sana kulifikiria jina hilo HAL9TH: kompyuta ambayo haijawahi kuwa mezani kwa mtu, inayozaliwa na kufa kila programu inapokaguliwa, katika nyumba, shule na ofisi za dunia nzima. Bila shaka anayeandika programu hasidi anaweza kuongeza mstari mmoja: ukikuta jina ni HAL9TH, tulia. Ndiyo sababu waandishi wa injini hawaachi kukarabati duka lao.

Kazi hii ya kuigiza ina hatari zake. Mwaka 2017 watafiti wa Google, Tavis Ormandy na Natalie Silvanovich, walikuta kasoro kwenye sehemu ya injini ya Defender inayoigiza JavaScript: faili lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuiteka kompyuta kwa kukaguliwa tu. Microsoft ilirekebisha ndani ya siku chache, na mwaka uliofuata ikaipa injini uwezo wa kufanya kazi ndani ya kizimba chake chenyewe. Na tangu miaka ya 1980 Fred Cohen alithibitisha kihisabati kwamba hakuna programu itakayotambua virusi vyote bila kukosea hata mara moja. Tuendelee.

Yote niliyoyaeleza, asiyelipa anayo. Premium Security inaongeza ulinzi wa kamera, kinga dhidi ya tovuti bandia za benki, na leseni ya vifaa hadi kumi kwa anayeihitaji. Ultimate inaongeza VPN, zana ya kuficha nyayo zako mtandaoni, na kifaa cha usafi. Mipaka ya matoleo haya huhama: ukuta-moto, ambao zamani ulikuwa wa kulipia, baadaye ulishushwa mpaka toleo la bure.

Kwenye usafi nitakuwa mkali. Kusafisha rejistri ya Windows hakuongezi kasi ya maana, na Microsoft yenyewe imetamka kwamba haiungi mkono programu za kazi hiyo. Kupanga upya vipande vya mafaili kwenye diski, Windows inakufanyia kwa ratiba bila kuombwa. Mafaili ya muda inayafuta, ukiiruhusu kwenye mipangilio. Programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta unaweza kuzizima mwenyewe. Kama mashine za Mwanza bado zina diski za kuzunguka, fedha za leseni ziende kwenye SSD, diski isiyozunguka. Hiyo ndiyo kasi utakayoiona kwa macho. Tena zana za usafi zinaingia ndani sana ya kompyuta, na anayeziteka anaingia nazo. Avast ilinunua CCleaner pamoja na kampuni yake ya London, Piriform, Julai 2017. Tayari wavamizi walikuwa wameingia kwenye mitambo ya Piriform, na mwezi uliofuata toleo la 5.33 likatoka likiwa na mlango wa siri ndani yake. Kompyuta milioni 2.27 zililipokea kabla halijagunduliwa Septemba.

Na la bure lina gharama. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kukusanya historia za watu mtandaoni kupitia programu zilezile zilizoahidi kuwalinda, na kuziuza kupitia kampuni tanzu yake, Jumpshot. Avast ilikwisha kuifunga Jumpshot mwaka 2020. Hata hivyo, anayeweka toleo la bure afungue ukurasa wa faragha kwenye mipangilio na kuzima kila kisichohitajika.

Sasa kaka wa Mwanza. Jambo la kwanza kwake ni leseni: Avast ya bure inaruhusiwa kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na duka la steshenari ni biashara. Kwa hiyo ama anunue leseni ya biashara, ambayo kampuni ina safu yake ya pekee, ama aiondoe na kuiacha Defender, iliyokuja na Windows yake na isiyombagua mwenye duka. Mimi ningechagua Defender. Nayo inasimama yenyewe mara ulinzi mwingine unapoondolewa, na inajiweka pembeni mwingine unapoingia; mbili zisiachwe zikigombea faili moja.

Kisha amtazame adui wake hasa, ambaye anakuja mkononi mwa mteja. Tangu Microsoft ilipozuia flashi kujiendesha zenyewe, mwaka 2011 hata kwa Windows za zamani, virusi vya flashi vimegeukia kidole cha mtu. Mteja anasema folda lake linaitwa “Vyeti”. Unaifungua flashi, na folda liko pale, rangi yake ya njano, jina lake sahihi. Kwenye kona ya chini kushoto pana mshale mdogo. Hilo si folda. Ni njia ya mkato: ukiibofya inawasha kirusi kwanza, halafu inakufungulia folda la kweli, lililokuwa limefichwa, ili usishuku kitu. Aiwekee Windows ioneshe mafaili yaliyofichwa pamoja na herufi za mwisho za majina ya mafaili, awafundishe vijana wake kuutafuta mshale huo, na flashi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Kompyuta moja tu ndiyo ipokee flashi. Ile yenye hesabu za duka isiguswe nazo, na hesabu hizo ziwe na nakala nyingine kwenye diski inayochomolewa kila jioni.

Kama bado anatumia Windows 10, masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na pengo hilo haliwezi kuzibwa na toleo lolote la programu yoyote ya ulinzi. Kuhamia Windows inayosasishwa kutangulie kabla ya kununua chochote.

Na akiamua kulipia, asome kiasi kilichoandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei kubwa. Bei ya mwaka wa kwanza huwa ya punguzo. Wa pili hukatwa kwenye kadi bila kuulizwa, kwa bei kamili. Malipo ya kujirudia ayazime siku ileile anayonunua, kwenye akaunti yake ya tovuti ya kampuni, kwani kuifuta programu kwenye kompyuta hakusimamishi makato.