Ukingo wa kanga na kichwa cha faili

Tandaza kanga mpya ya Mombasa uinamie ukingo wake. Kwenye kanga nyingi utakuta maandishi madogo: K.H.E. – Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak. Kisha ipeleke kwa fundi cherehani yeyote wa Malindi akushonee dera. Mkasi ukipita ukingoni, alama inaanguka chini pamoja na vitambaa chakavu. Fundi hakuiba, alikuwa akishona tu.

Kwenye viendelezi vya kivinjari, zile programu ndogo tunazopachika kwenye Chrome au Firefox, majina hupotea vivyo hivyo.

Tuseme kijana wa Kilifi anawatengenezea wenye mashua za watalii Watamu kiendelezi cha kuonyesha saa za maji kujaa na kupwa, pamoja na ramani ya hori ya Mida. Ramani haichori mwenyewe. Anachukua Leaflet, maktaba ya msimbo iliyoanzishwa na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, akaitia data ya OpenStreetMap, inayokusanywa na watu wa kujitolea, Wakenya wakiwemo. Halipi hata senti. Sharti ni kuwataja wenyewe.

Faili la Leaflet huanza kwa mistari michache ya maoni, yaani maelezo ya kusomwa na watu na si ya kutekelezwa na kompyuta, yenye jina la maktaba, toleo na mwenye hakimiliki. Kabla ya kiendelezi kupakiwa dukani, kijana hupitisha msimbo kwenye zana ya kuubana ili uwe mwepesi, na maoni ndiyo ya kwanza kutupwa. Waliounda Leaflet walilijua hilo, ndiyo maana maoni yao yana neno @preserve, yaani hifadhi. Wengine huweka alama ya mshangao mara baada ya /*, alama inayofungua maoni. Zana nyingi huziheshimu alama hizo, ila ukiamuru maoni yote yafutwe, hazina ubishi.

Wapo wanaoona kudai majina yabaki ni ukali wa bure. Mimi sioni hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaziweka programu za kompyuta katika kundi la kazi za uandishi, na ruhusa ya leseni huria imefungwa kwenye sharti lake. Ukilivunja sharti, ruhusa umeitoa wapi?

Data nayo ina leseni yake. OpenStreetMap hutaka itajwe mahali mtazamaji atakapoona, na Leaflet huyaonyesha maneno ya kuitaja pembeni chini kulia. Dirisha la kiendelezi ni dogo, basi vijana huyazima wapate nafasi ya vitufe. Afadhali kupunguza vitufe.

Kujikagua ni kazi ya dakika mbili. Kiendelezi cha Firefox ni faili la .xpi, ambalo kwa kweli ni zip. Libadilishe jina, lifungue, utafute “Agafonkin”. Ukilikosa, tatizo liko kwenye mipangilio ya zana yako ya kubana; irekebishe, kisha weka pia matini kamili ya leseni ndani ya folda ya kiendelezi.