Kuambua Ngozi kwa Dawa: Askari Atarajie Nini?

Kanuni ya kunyoa ndevu kila asubuhi ni ya zamani katika majeshi na polisi, nayo ina sababu zake. Barakoa ya kuzuia gesi haishiki barabara juu ya uso wenye ndevu, na askari nadhifu huaminiwa na raia. Lakini kanuni hiyo huwatesa wanaume wengi wa Kiafrika kwa jambo ambalo aghalabu huona haya kulisema, yaani vipele vya ndevu. Nywele zetu hukua kwa kujipinda. Wembe ukizikata karibu mno na ngozi, ncha yake hubaki kali kama ya mkuki, ikajikunja na kuingia tena mwilini. Hapo ngozi huvimba, pengine hutunga usaha, na baada ya miezi kadhaa kidevu na shingo hujaa mabaka meusi.

Ni mabaka hayo yanayowapeleka ndugu zetu wengi, vijana hasa, kutafuta matibabu ya kuambua ngozi, ambayo siku hizi hutangazwa hata kwenye saluni za mitaani. Tumeona vema tuwaeleze askari wetu matibabu hayo ni nini na yana madai gani juu ya mtu anayeyapokea, kwa maana uso ulioharibiwa na tindikali haurudishwi kwa amri ya mkubwa yeyote.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba kuambua si kujichubua. Anayejichubua hupaka mkorogo kila siku ili awe mweupe, na mkorogo huo mara nyingi huwa na zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo Uganda, Rwanda na Tanzania zimevipiga marufuku katika vipodozi. Kuambua ni kazi ya daktari: hupaka tindikali iliyopimwa kwa dakika chache, ngozi ya juu ikafa na kubanduka, na mpya ikaota mahali pake. Elimu hii si ngeni. Daktari Mjerumani Paul Gerson Unna, wa mji wa Hamburg, aliandika habari zake mwaka 1882, na baadhi ya dawa alizozieleza zingali zikitumika.

Kwa kusema wazi, ni jeraha linalofanywa makusudi. Kwa hiyo swali kubwa ni kina cha jeraha hilo. Kwa ngozi nyeusi, madaktari hupendelea lile la juujuu, kwa tindikali ya glikoliki au ya salisiliki. La kina cha kati huhitaji mkono uliozoea sana. La ndani kabisa, la fenoli, haliwafai watu wa rangi yetu, maana huweza kuacha mabaka meupe ya kudumu, na dawa yenyewe ikiingia katika damu huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mtu wa saluni akikuambia kwamba dawa yake ni kali na itamaliza kazi kwa siku moja, ondoka.

Daktari wa kweli ataanza kwa maswali, nawe humfichi kitu. Je, umewahi kuota makovu ya kuvimba? Je, aspirini hukudhuru? Aliyedhurika kwayo hapaswi kupakwa salisiliki. Je, hupata malengelenge mdomoni? Je, unatumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini? Na umewahi kupaka mkorogo? Swali hili la mwisho ndilo linalofichwa zaidi, na ndilo la hatari, kwani ngozi iliyokondeshwa na krimu za steroidi huruhusu tindikali kuzama kuliko ilivyokusudiwa. Mara nyingi utapewa dawa ya kupaka nyumbani wiki mbili au zaidi kabla ya siku yenyewe, na utaambiwa uache wembe kwa muda.

Siku ya kazi uso husafishwa hadi mafuta yatoke, macho hufunikwa, kisha dawa hupakwa kwa saa mkononi. Utasikia mwasho na moto kwa dakika tatu hadi tano, kama pilipili iliyogusa mchubuko. Glikoliki huzimwa kwa maji au magadi laini. Salisiliki huacha unga mweupe usoni, usikutishe. Jioni ngozi hubana na huonekana imeiva. Siku ya tatu hivi huanza kubanduka vipande vyembamba, na kufikia siku ya saba kazi huwa imekwisha. Usivute vipande hivyo kwa kucha. Osha uso kwa maji na sabuni laini, paka mafuta mazito yasiyo manukato. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukiona usaha na homa, rudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Hapa ndipo kazi ya askari inapogongana na matibabu. Ngozi mpya haistahimili jua, na ikichomwa hugeuka nyeusi kuliko ilivyokuwa awali. Askari wa barabarani wa Kampala asimamaye njia panda tangu asubuhi, au mpiganaji aliye katika mazoezi ya porini, atakuwa amelipa fedha ili ajiongezee mabaka. Kwa hiyo matibabu haya yafanywe wakati wa likizo, au kwa cheti cha daktari kinachompa mtu kazi ya ndani, pamoja na krimu ya kukinga jua ya nguvu ya 30 au zaidi. Isitoshe, mara moja haitoshi. Aghalabu huhitajika mara nne hadi sita, kila baada ya wiki mbili hadi nne. Afande anayeombwa ruhusa asidhani ni urembo mtupu.

Tena mtu asitarajie miujiza. Mabaka hufifia, na nywele zilizonaswa hufunguliwa njia, ila wembe uleule ukirudi kwa namna ileile vipele vitarudi pia. Kwa wengine kuacha kunyoa mwezi mmoja au zaidi huleta nafuu kubwa bila tindikali yoyote. Ushauri huo hupatikana katika kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Mulago, na kwa wataalamu waliosomea chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1992. Wengi wao humwelekeza askari atumie mashine ya kunyolea inayobakiza nywele kiasi cha milimita moja, ambazo mkaguzi wa gwaride, akisimama hatua mbili mbele yako, ni shida kuziona.